Shukrani za familia: Mama yetu na wenzake wa zamu ya usiku

Familia yetu ya Kirumba, Mwanza, pamoja na ukoo wote wa Magu, tunatoa shukrani za dhati kwenu nyote mlioshirikiana nasi kwa hali na mali katika kumuuguza na hatimaye kumpumzisha mama yetu mpendwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kuitwa na Muumba wake alfajiri ya Jumanne, baada ya kuugua kwa miezi mitatu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Mlileta maturubai na viti, mlikesha nasi, mlipika, mlichimba kaburi juani. Mlituma michango kwa simu kutoka Shinyanga, Geita, Dar es Salaam, Nairobi na Muscat. Madaktari na wauguzi waliomhudumia, paroko, jumuiya ndogondogo, kwaya, wana VICOBA wenzake na majirani wa mtaa mzima: asanteni sana. Naomba msinielewe vibaya nikiwataja kwa haraka. Wapo watu waliotufanyia jambo ambalo nisipolieleza kwa kirefu nitakuwa nimeficha deni.

Ni akina mama wanne, wote wamepita miaka 65, walioingia msibani siku ya pili wakiwa wamevaa khanga za sare. Hatukuwafahamu. Walitupa pole, wakaketi mkekani na wageni wengine, wakamenya vitunguu. Siku ya kutoa heshima za mwisho, mmoja wao alisimama mbele ya jeneza akaona uzi umechomoka kwenye pindo la kitambaa cheupe. Akaushika kwa kidole gumba na cha shahada, akaufunga kwa mkono mmoja, akaukata kwa meno, kisha akampungia mama mkono. Nilishtuka. Mama alifunga nyuzi hivyohivyo maisha yake yote: kwenye sare zetu za shule, kwenye vyandarua, kwenye magunia. Tulidhani ni mazoea yake tu.

"Hilo ni fundo la mfumaji, mwanangu," yule bibi aliniambia jioni, baada ya maziko. "Uzi ukikatika mashine inasimama. Mama yako alikuwa mwepesi kutuzidi sote."

Ndipo walipotuhadithia, hadi saa nane za usiku. Sisi watoto tulijua kwamba mama aliwahi kufanya kazi kiwanda cha nguo. Hatukujua kwamba miezi ile ya vita vya Kagera yeye na hawa wenzake watatu walipanga chumba kimoja hapahapa Kirumba, wasichana wa miaka 19 na 20, na wa nne alikuwa jirani yao wa mlango wa pili.

Wazee mnakumbuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakashika ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba wasichana wale walijazana dirishani kwa mwenye nyumba kusikiliza redio, Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mama, wanasema, alirudi chumbani bila neno akaanza kukunja nguo za kijana mmoja wa karakana ya kiwandani. Alikuwa mchumba wake. Alikuwa amepitia mgambo, na mgambo walikuwa wanaitwa.

Kijana aliondoka kabla ya Krismasi. Malori na mabasi mengi yalichukuliwa kwenda vitani, likiwemo lori lililokuwa likiwarudisha wafanyakazi nyumbani, kwa hiyo waliotoka zamu ya usiku walitembea kwa makundi, wameshikana mikono, vumbi la pamba limewajaa kwenye nywele. Sabuni ilikuwa ya foleni, na ikikosekana walifulia majani ya mpapai. Wengi wa wanaume walipoondoka, wasichana walipewa mashine za ziada za kuangalia. Siku moja ya mshahara waliitoa kwa ajili ya vita, na babu yetu kule Magu alitoa ng'ombe dume mmoja. Hilo la ng'ombe tulilijua, kwa sababu babu alilisema kila mwaka. La mshahara mama hakuwahi kulisema.

Wala hawakuacha kuwa wasichana. Mmoja wa akina mama hao, mwenye mkongojo, alicheka hadi machozi akitueleza jinsi walivyokuwa na jozi moja ya viatu vya raizoni, vile vya soli nene, kwa watu wanne, na anayekwenda dansi la mchana siku ya Jumamosi ndiye aliyevivaa. Zamu ya mama ilipofika alivivaa mara mbili, kisha akasema hawezi kucheza na mtu wake yuko porini. Akawaachia wenzake, akabaki kuwachana nywele za afro kabla hawajatoka.

Mwezi Novemba meli kutoka Bukoba zilishusha watu waliokimbia na mafurushi kichwani. Mama alikwenda bandarini kupeleka uji na wenzake wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, akarudi na mwanamke wa upande wa Kyaka aliyebeba kichanga cha wiki mbili. Hakuuliza wenzake. Aliwaambia tu, "Huyu analala kitandani kwangu." Alilala chini yeye, miezi minne. Walimwogesha mtoto kwa zamu: aliyetoka usiku alimshika asubuhi, aliyetoka asubuhi alimbeba jioni.

Mtoto huyo alikuwepo msibani. Kaka yetu, ulisafiri kutoka Missenyi, ukatuambia jina lako na jina la mama yako marehemu, ukaketi safu ya watoto wa marehemu kwa sababu mama yako alikuagiza hivyo. Tulikuwa watano tukijua. Sasa tuko sita. Asante kwa shada lako, na asante zaidi kwa ule mkeka wa mama yako uliotuletea.

Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga Mwanza, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mama alikuwa chumbani na mtoto mgongoni. Wenzake walimkuta ameingia chini ya kitanda, amemkumbatia, chemli ameifunika kwa ndoo, naye anamwimbia kwa Kisukuma. Kwa miaka yote tuliyoishi naye hakupenda kelele za fataki za mwaka mpya, na sisi tulimtania. Mama, tusamehe.

Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili, mji mzima ulikesha barabarani. Wenzake walimvuta naye akatoka, akacheza, akavaa raizoni. Habari za yule kijana zilifika baadaye. Amelala Kaboya, Muleba, pamoja na mashujaa wenzake. Kwenye sanduku la bati la mama tumekuta kadi yake ya kazi, na chini yake barua moja ya kijana huyo, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshonwa kwa uzi mweupe ili isiachane. Baba, aliyemuoa mwaka 1982 na ambaye naye ametangulia, alijua yote. Akina mama hawa wanasema ndiye aliyempeleka Kaboya mara ya kwanza, akamsubiri chini ya mti.

Shikamooni, mama zetu wanne. Mlimzika mwenzenu, na mlitupa msichana ambaye hatukuwahi kumwona. Yeye hakubeba bunduki, hakupewa medali, wala hakuomba. Lakini sisi wanawe tunasema waziwazi kwamba alipigana vita ile, na ninyi mlipigana naye. Mlango wetu ni wenu, si kwa misiba tu.

Misa ya siku ya arobaini itafanyika nyumbani Kirumba saa nne asubuhi, na chakula kitafuata. Wote mnakaribishwa. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, familia itakuwa Kaboya. Tutaondoka na meli ya Bukoba siku mbili kabla, pamoja na kaka yetu wa Missenyi na wawili kati ya akina mama wale ambao bado wanamudu safari. Atakayependa kuungana nasi atukute bandarini jioni. Tutakuwa na khanga za sare, na barua ile tutakuwa nayo.

Ni mimi, binti yake wa kwanza, kwa niaba ya familia.