Vibali vya ndege: tuonyesheni mkataba kabla ya ugomvi

Ndugu Mhariri,

Tarehe 15 Januari 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilitangaza kufuta kibali cha Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kuanzia tarehe 22 mwezi huohuo. Abiria mwenye tiketi akabaki na siku saba za kujipanga. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kenya iliinyima Air Tanzania kibali cha safari za mizigo, kinyume na kifungu cha 4 cha hati ya makubaliano iliyosainiwa Nairobi tarehe 24 Novemba 2016. Kabla ya tarehe 22 kufika, Kenya ikatoa kibali na zuio likaondolewa. Watu wakashusha pumzi, habari ikaishia hapo. Haikupaswa kuishia hapo.

Kilichogombewa ni hiki. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba mama wa usafiri wa anga duniani, kinakataza safari za kimataifa za ratiba kuingia nchi nyingine bila idhini yake. Kwa hiyo nchi mbili hukaa mezani zikapeana haki, ambazo wenye fani huziita uhuru wa anga na kuzitaja kwa namba. Uhuru wa tatu ni kubeba abiria au mzigo kutoka kwenu kwenda kwa mwenzako, na wa nne ni kuuchukua kwake kuuleta kwenu. Wa tano ndio huleta kelele: ndege yako inatua kwa mwenzako, inapakia mzigo wake, inaupeleka nchi ya tatu. Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F yake Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54 hivi. Ndege kama hiyo ikiruka nusu tupu, mshahara wa marubani, ada ya kutua na gharama za matengenezo havipungui hata senti. Nairobi kuna maua, mboga na parachichi vinavyotakiwa kufika sokoni vikiwa vibichi. Kupitia Nairobi kujaza ndege ni biashara ya kawaida kabisa, lakini mwenye mji naye ana kampuni yake ya kuilinda. Hapo ndipo afisa wa mamlaka anapoliacha ombi mezani, na hakuna anayejua limekaa siku ngapi.

Kuchelewa kwa kibali si jambo dogo. Ratiba za ndege duniani hupangwa kwa misimu miwili: wa kiangazi cha kaskazini unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, wa baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kampuni iliyopata nafasi ya kutua kwenye kiwanja chenye msongamano hutakiwa kuitumia kwa asilimia 80 ya msimu, la sivyo msimu unaofuata inaweza kupewa mwingine. Kibali kikichelewa wiki sita, kampuni haiuzi tiketi kwa uhakika, inaanza msimu ikiwa nyuma, kisha inapoteza nafasi iliyoipigania.

Kosa jingine limo kwenye namna ya kuhesabu. Makubaliano mengi huandika idadi ya safari kwa wiki, si idadi ya viti. Safari saba za Bombardier Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, ni viti 532 kwa wiki kwa upande mmoja. Safari hizohizo saba kwa Boeing 787-8 yenye viti 262 ni viti 1,834. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika, ila uwanjani uwezo umezidi mara tatu na zaidi. Mwenye ndege ndogo anajiona ameonewa, mwenye kubwa anaonyesha mkataba, na wote wawili wana haki kwa mujibu wa maandishi. Mkataba unaotaja aina ya ndege au viti vya juu kwa wiki huzuia ugomvi wa namna hii, ingawa binafsi naona ni afadhali kuacha viti huru na kusimamia nauli.

Nije kwenye ubia wa mashirika, maana huko wasafiri tunaumia kimyakimya. Mashirika mawili kuuziana viti, kila moja likiweka namba yake ya safari kwenye ndege ya mwenzake, hilo ni jepesi. Zito ni ubia wa kugawana mapato, ambapo haijalishi abiria kapanda ndege ya nani. Kenya Airways na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, walikuwa na ubia wa aina hiyo hadi Septemba 2021. Pale ambapo wabia wote wawili wanaruka moja kwa moja njia ileile, kama Nairobi na Amsterdam, hakuna anayebaki na sababu ya kushusha nauli ili kumzidi mwenzake. Ubia unaweza kuleta faida kwenye safari za kuunganisha, abiria wa Kisumu akafika Oslo kwa tiketi moja na mzigo wake ukafuata. Lakini faida hiyo ipimwe dhidi ya hasara ya njia ya moja kwa moja, kwa namba, kabla ya kugonga muhuri.

Tazameni Australia. Mwaka 2023 serikali yao iliikatalia Qatar Airways safari 21 za ziada kwa wiki juu ya 28 ilizokuwa nazo kwenye viwanja vinne vikubwa. Zogo lake lilifika bungeni. Baadaye Virgin Australia ikaomba kuruka Doha, mji mkuu wa Qatar, safari 28 kwa wiki kwa kukodi ndege za Qatar pamoja na marubani na wahudumu wake, ikitumia haki za upande wa Australia. Mamlaka yao ya ushindani ilichapisha ombi, ikapokea maoni, ikatoa idhini ya muda Novemba 2024, na ya mwisho Machi 2025, kwa miaka mitano tu. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini anaupinga akiwa ameusoma.

Kwetu, mtu akiomba leseni ya kutoa huduma za ndege, tangazo hutolewa na wananchi huitwa kutoa maoni. Iweje haki za kampuni ya kigeni na ubia wa mashirika makubwa visipewe hadhi hiyo? Naomba TCAA na wenzao wa Kenya (KCAA) waweke kwenye tovuti zao orodha ya maombi, tarehe yalipopokelewa na siku ya mwisho ya kuyajibu, na ombi likikataliwa sababu iandikwe. Tume zetu za ushindani zisiidhinishe ubia bila ukomo wa miaka, bila kiwango cha chini cha viti kwenye njia ya moja kwa moja, na bila taarifa ya nauli kila robo mwaka.

Na waanze na karatasi moja: hati ya tarehe 24 Novemba 2016, yote, pamoja na kifungu cha 4.

Mdau wa usafiri wa anga,
Dar es Salaam