Ushahidi ulindwe tangu dakika ya kwanza

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu kesi za mauaji zinazoporomoka mahakamani. Nakumbuka moja ambayo haikuporomoka, ile ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi, waliotoweka Juni 2016 baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Mshtakiwa mmoja alikiri, lakini upelelezi haukuishia hapo. Rekodi za simu na vipimo vya DNA vilitumika pia. Hukumu ikatolewa Julai 2022. Miaka sita!

Kukiri kunaweza kukanwa kesho yake. Kwa hiyo, askari wa vituo vya mashinani wafunzwe kuzingira eneo la tukio kabla umati haujakanyaga kila kitu, na wapewe vifaa vya kuhifadhia vielelezo.

Msomaji wenu,
Machakos