Mwenyekiti, kombe la nidhamu tulipewa sisi

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Mpira wa Miguu cha wilaya yetu,

Ndugu Mwenyekiti, salaam.

Mimi ni kocha wa moja ya timu za vijana wa chini ya miaka 15 kwenye ligi unayoisimamia. Mali yangu ni filimbi, mipira minne (mmoja unavuja) na vijana ishirini na wawili. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya kwanza niliileta ofisini kwa mkono, nikagongewa muhuri wa "imepokelewa", basi.

Unalikumbuka lile bango la "Michezo ni Undugu" mlilotuletea msimu uliopita? Siku ya mechi yetu ya kwanza nyumbani timu zote mbili zilipiga nalo picha, watoto wamekumbatiana, tukalitundika kwenye mwembe. Dakika ya 60 hivi, bado sare, refa akaonyesha penalti. Refa mwenyewe kijana mdogo, kamaliza kidato cha nne juzijuzi. Watu wazima wakamiminika uwanjani, baba mmoja ana kandambili mkononi. Kijana akatimua mbio hadi kwenye kibanda cha miamala ya simu nyuma ya goli, dada wa pale akamwingiza ndani na kufunga komeo. Filimbi tuliikuta mchangani, na bango limeanguka, lina alama za viatu. Watoto walikuwa wamekaa katikati ya uwanja wanamumunya ubuyu, wanasubiri wakubwa wamalize.

Nami nisijitoe kundini. Penalti ile ilikuwa dhidi yetu, na kabla mtu yeyote hajavuka mstari, aliyeanza kupiga kelele "refa umekula hela!" ni mimi. Siku tatu baadaye, mazoezini, namba sita wangu alimrushia maneno hayohayo mwenzake aliyeshika filimbi, mkono kiunoni, kidole hewani. Wenzake wakacheka kwa sababu alikuwa ananiigiza mimi, na alinipatia kwelikweli.

Ila maneno yale hayakuzuka tu. Posho ya refa inatolewa na timu mwenyeji, palepale uwanjani, baada ya mechi, noti zinahesabiwa watu wanaona. Timu mwenyeji ikishinda, hata refa awe malaika, wageni wataondoka na la kusema. Ikifungwa, posho inaanza kutafutiwa sababu. Nakuomba chama kikusanye fedha hizo mwanzoni mwa msimu, pamoja na ada ya ushiriki, kisha kimtumie refa kwenye simu yake. Hili halihitaji mfadhili.

Sasa nije kwenye kombe la nidhamu. Mwisho wa msimu ule mlilitoa kwa timu gani? Kwetu! Sisi tuliomfungisha refa kibandani. Nililipokea, nikapigwa picha, na hadi leo sijui lilihesabiwaje. Marefa wanaandika kadi kwenye ripoti zao kila wiki. Sijawahi kuona zikitajwa popote baada ya hapo.

Nadhani zingeingizwa kwenye msimamo wa ligi mambo yangebadilika. Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, Senegal na Japani walimaliza hatua ya makundi wakiwa sawa: pointi 4 kila mmoja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na walipokutana wenyewe walitoka 2-2. Japani ikasonga mbele kwa sababu ilikuwa na kadi za njano 4, Senegal 6. Niliposimulia hili vijana wangu walidhani nawapiga fiksi. Mmoja akauliza: "Kwa hiyo kocha, ile rafu ya katikati ya uwanja, ambayo haina maana, ndiyo iliyowarudisha?" Sikuwa na la kuongeza.

Kwetu ningependa tuende mbele zaidi ya pale. Timu ambayo mashabiki au viongozi wake wanaingia uwanjani ikatwe pointi, na msimamo wenye hesabu ya kadi ubandikwe kila Jumatatu. Najua viongozi wenzangu watalalamika kwamba marefa watatumia kadi kutunyang'anya pointi. Ndiyo maana nimeanza na posho. Hilo lisiporekebishwa, haya mengine msiyaguse.

Kuna jingine dogo. Sheria za mpira zinaruhusu mechi za vijana na za mchangani kumtoa mchezaji kwa muda. Uingereza waliijaribu kwenye ligi 31, mbishi anakaa nje dakika 10, na chama chao kikasema ubishi kwa marefa ulipungua kwa asilimia 38. Kocha mbishi naye, ukiniuliza mimi, atafutiwe benchi lake, mbali.

Jumamosi hii tunacheza nyumbani saa kumi jioni. Refa ni yuleyule kijana; nilimpigia simu kumwomba radhi, akasema atakuja, ila aliuliza kwanza kama kile kibanda kitakuwa wazi. Njoo, Mwenyekiti. Usikae kwenye viti vya plastiki vya wageni, njoo huku chini ya mwembe walikosimama wazazi, usikilize.

Wako katika michezo,
Kocha wa vijana