Mheshimiwa Waziri wa Afya, mizani isiwe ya kwanza

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FEDHA ZA KUKABILI UNENE ULIOKITHIRI KWA WATOTO

Pokea salamu zangu, na pole kwa majukumu. Mimi ni afisa lishe wa jamii. Kwa muda mrefu kazi yetu ilieleweka kwa namna moja tu: kuwatafuta watoto waliokonda. Sasa hesabu imegeuka. UNICEF ilieleza katika ripoti yake ya Septemba 2025 kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wale wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Najua suala hilo limeshafika mezani kwako, ndiyo maana nakuandikia kabla hujatia saini.

Likifika mezani, pendekezo la kwanza huwa mizani. Wanafunzi wapimwe, wanene waorodheshwe, wazazi waandikiwe barua. Naelewa kwa nini linavutia. Mizani hununuliwa kwa zabuni moja, hupendeza kwenye picha, na mwisho wa mwaka hutoa takwimu za kusomwa bungeni. Ombi langu ni kwamba fedha zisianzie huko.

Singapore walianzia huko. Mwaka 1992 walipeleka shuleni mpango ulioitwa Trim and Fit, ambao wanafunzi wenye uzito uliozidi walitengwa na kupewa mazoezi ya ziada, mara nyingine wenzao wakiwa mapumziko wanacheza. Nautaja mfano huu makusudi ingawa unanibana, kwa sababu idadi ya wanafunzi wanene ilishuka kweli. Pamoja na kushuka huko, watoto walitaniwa, wakadhihakiwa, na malalamiko hayakuisha. Mwaka 2007 serikali iliufuta ikaweka mpango mwingine unaomhusu kila mwanafunzi, mnene kwa mwembamba. Nchi yenye nidhamu ya utekelezaji kama ile, tena yenye matokeo mkononi, iliona bei iliyolipwa na watoto ni kubwa mno. Sisi tuna sababu gani ya kuurudia?

Barua kwa wazazi nazo zimejaribiwa. Katika jimbo la California, Marekani, watafiti walifuatilia wanafunzi karibu 29,000; wazazi wa baadhi walipelekewa matokeo ya vipimo, wa wengine hawakupelekewa. Barua hazikubadilisha uzito wa watoto. Kilichoongezeka, kwa wale waliopimwa shuleni, ni kutoridhika na miili yao. Hilo halinishangazi. Mama hahitaji barua ya serikali ili ajue mwanawe amenenepa. Anachokosa ni uwezo wa kuamua mtoto huyo anauziwa nini saa nne asubuhi akiwa shuleni.

Nisieleweke vibaya. Mizani ya kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano ibaki palepale, na ikiwezekana iongezwe. Kwenye kadi ya kliniki ndipo udumavu unapoonekana mapema, na mtoto aliyedumaa anaweza huyohuyo kuwa na uzito uliozidi kwa urefu wake. Na wizara ikitaka kujua hali ya wanafunzi nchi nzima, sampuli ya shule chache, bila majina, kila baada ya miaka kadhaa, inatosha kabisa.

Fedha zianzie kwenye maji. Najua ni jibu lisilo na mvuto, lakini naomba nilikalie kidogo.

Katika mwaka wa shule wa 2006/2007, shule za msingi 32 za mitaa ya watu wa kipato kidogo katika miji ya Dortmund na Essen, Ujerumani, ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa mabomba ya maji ya kunywa, watoto wakapewa chupa, na walimu wakafundisha vipindi vinne kuhusu maji. Hakuna mtoto aliyewekwa pembeni kwa sababu ya umbo lake, wala aliyepangiwa mlo wa kupunguza uzito. Mwaka ulipoisha, uwezekano wa mtoto wa kundi hilo kuwa na uzito uliozidi ulikuwa pungufu kwa asilimia 31 ukilinganisha na kundi la pili.

Ukipiga hesabu ya sukari utaona sababu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Kopo moja la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35. Mtoto akilimaliza amekaribia kikomo cha siku nzima, na tumbo bado linadai chakula, maana sukari ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna. Mwanafunzi mwenye kiu atakunywa kilicho karibu naye. Bomba likiwa limekauka, au likiwa ubavuni mwa choo, somo la lishe la asubuhi limepotea bure.

Baada ya maji, duka la shule. Hapa waraka peke yake hautafua dafu. Mara nyingi kodi ya pango la duka hilo ndiyo inayomsaidia mwalimu mkuu kukarabati madirisha na kununua vifaa ambavyo bajeti haikuviona. Ukimwagiza aondoe vinywaji vyenye sukari na vitafunwa vya pakiti bila kuziba pengo hilo, atakujibu "tumepokea, tunatekeleza", na duka litaendelea kama jana. Waraka uje na fedha, au usije kabisa.

Utaniambia hayo si ya wizara yako, na ni kweli. Maji yana wizara yake, shule zina yake, kodi ni ya fedha, matangazo ni ya habari. Afya imebakiwa na mizani, na nadhani ndiyo sababu kila mpango huanza nayo. Lakini nchi zilizosogea zilivuka mipaka hiyo. Chile, tangu Juni 2016, huweka alama nyeusi za onyo kwenye vyakula vilivyozidi sukari, chumvi, mafuta au kalori, na bidhaa zenye alama hizo haziuzwi shuleni wala hazitangazwi kwa watoto wa chini ya miaka 14. Uingereza ilianza Aprili 2018 kutoza kodi vinywaji baridi kulingana na sukari iliyomo, na viwanda vingi vilikuwa vimeshaipunguza kabla tarehe haijafika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba unene uliokithiri kwa wasichana wa miaka 10 na 11 ulikuwa pungufu kwa asilimia 8 kuliko ambavyo ungekuwa bila kodi hiyo. Kwa wavulana badiliko hilo halikuonekana, na wapinzani wa kodi watakukumbusha. Wajibu tu kwamba nusu ya watoto si haba.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji wizara nyingine: ufadhili. Kampuni za vinywaji hupenda sana kudhamini bonanza za michezo za shule na kuzungumzia mazoezi. Mazoezi ni muhimu, na watoto wa umri wa shule wanahitaji angalau dakika 60 kwa siku. Ila anayeuza soda akikuhubiria kukimbia, anakuhamisha usiitazame soda. Kataa fulana zao.

Na usiahidi makubwa. Huko Somerville, mji wa Massachusetts, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walishirikiana na shule, halmashauri, migahawa na madaktari kubadili chakula cha shuleni na njia ambazo watoto hutembea kwenda masomoni. Baada ya mwaka wa kwanza, mtoto wa miaka minane alikuwa ameongezeka karibu nusu kilo pungufu ya vile ambavyo angeongezeka bila mpango huo. Nusu kilo tu. Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja huenda ana bidhaa ya kukuuzia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba ujibu hadharani maswali matatu. Bajeti ijayo ina kifungu cha maji ya kunywa shuleni, na ni shule ngapi zitapata? Nani atafidia kodi ya pango la maduka ya shule? Na wizara yako itaacha lini kupokea udhamini wa watengenezaji wa vinywaji vyenye sukari?

Wako katika utumishi,

Afisa lishe wa jamii