Uchungu wa jani la mzeituni hauponyi mzeituni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie mjadala kuhusu mizeituni inayokauka kusini mwa Italia. Baadhi ya wasomaji wenzangu wanashangaa inakuwaje mti ambao majani yake yanasifiwa kwa kuua vijidudu uangushwe na kijidudu, na wapo wanaopendekeza wakulima wa huko wanyunyizie miti yao maji ya majani hayohayo. Swali lao ni zuri. Pendekezo ndilo lenye walakini.

Uchungu wa jani la mzeituni hutokana hasa na oliuropeini, kemikali ya jamii ya fenoli, yaani kundi la kemikali ambazo mimea mingi hujikinga nazo. Jani likiwa zima, kemikali hiyo hukaa mbali na kimeng'enya kinachoivunja. Likitafunwa au kuchanika, viwili hivyo hukutana na kuzaa sumu inayowadhuru wadudu na vijidudu. Lakini bakteria anayeua mizeituni ya mkoa wa Puglia, Xylella fastidiosa, aliyetambuliwa huko mwaka 2013 karibu na mji wa Gallipoli, hapiti njia hiyo. Huingizwa na mdudu mdogo, ambaye mtoto wake hujificha ndani ya povu jeupe kwenye magugu, moja kwa moja katika mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Humo bakteria hujenga utando, mishipa ikaziba, na matawi yakakauka kuanzia nchani hata pale ambapo udongo una unyevu wa kutosha. Dawa inayopulizwa juu ya jani haimfikii kwa urahisi.

Sisemi kwamba kemikali za mti hazina kazi. Aina ya mzeituni iitwayo Leccino huambukizwa pia, ila bakteria ndani yake huwa wachache na mti huendelea kuzaa, wakati Ogliarola salentina na Cellina di Nardò, zilizotawala mashamba ya Salento, sehemu ya kusini ya Puglia, kwa vizazi vingi, hukauka zikisimama. Watafiti waliolinganisha aina hizo wamekuta tofauti katika fenoli, katika asidi ya kwiniki, ambayo ni asidi ya asili ya mimea, na katika lignini inayokaza kuta za mishipa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kueleza yote.

Ugonjwa wa vifundo vya mizeituni, ambao ni wa zamani zaidi, unafundisha jambo ambalo wapenzi wa tiba za mimea hulisahau. Bakteria wake, Pseudomonas savastanoi, hupenya kwenye jeraha la mvua ya mawe, la baridi kali au la msumeno wa kupogolea, kisha hutengeneza homoni za ukuaji zinazolivimbisha tawi. Kifundo huwa kibichi na laini mwanzoni, halafu hugeuka cheusi, kigumu, chenye nyufa. Mti hujibu kwa kurundika fenoli mahali hapo. Hata hivyo bakteria huyo ana jeni zinazomwezesha kuvunja katekoli, mojawapo ya kemikali za kundi hilo, na watafiti walipozizima, makali yake yalipungua katika matawi yaliyokwisha kuwa mbao, ilhali katika mimea michanga isiyo na mbao hayakubadilika. Kwa hiyo kuongeza fenoli kiholela si lazima kumdhuru adui aliyekwisha kujifunza kuzivunja.

Kwa sasa msaada wa kweli kwa wakulima wa Puglia ni kupanda aina zinazostahimili, kama vile Leccino na FS-17, na kulima au kufyeka magugu mapema majira ya machipuko, kabla watoto wa yule mdudu hawajaota mabawa. Ni kazi ya jembe na trekta, haina mvuto wa chupa ya dawa ya mitishamba, nami naelewa kwa nini haisimuliwi sana.

Jambo hili linatugusa na sisi. Vinasaba vya bakteria wa Puglia vinafanana na vya bakteria waliopatikana Costa Rica, na inadhaniwa alifika Italia ndani ya mche wa kahawa wa mapambo. Mche ulioambukizwa unaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Sisi tunaoishi kwa kahawa tungependa kusikia kutoka kwa wakaguzi wa mimea, kupitia gazeti lako, ikiwa miche ya kahawa na ya mizeituni inayoingia nchini hupimwa maabara au hutazamwa tu majani.

Wako,
Mkulima wa kahawa,
Moshi