Jumla ya malipo ya mkopo wa simu iandikwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wengi wetu tunavyopata fedha za kununua simu janja au kompyuta mpya, hasa njia ya kutoa kianzio, kuondoka na kifaa, kisha kulipa kidogo kidogo kila siku.

Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya awamu, na familia ambazo zisingeweza kutoa bei yote kwa mkupuo zikawa zinashona huku zinalipa. Sina ugomvi na utaratibu wenyewe, kwa sababu anayehitaji simu leo ili apate wateja leo hawezi kuambiwa adundulize kwa nusu mwaka. Ninacholalamikia ni tangazo linalotaja malipo ya siku kwa herufi kubwa na kunyamazia jumla.

Tuseme kifaa kinauzwa 100 kwa taslimu, iwe fedha ya nchi yoyote. Kianzio ni 20, kisha mnunuzi analipa nusu, yaani 0.5, kila siku kwa siku 240. Nusu haimtishi mtu. Lakini nusu ya kila siku kwa siku 240 ni 120, na ukijumlisha kianzio unapata 140, yaani asilimia 40 juu ya bei ya taslimu. Mtu huyo huyo, kama angeitunza ile 20 na kuweka kando nusu kila siku, angefikisha 100 siku ya 160, akanunua kifaa na asidaiwe na mtu. Hesabu hii haihitaji msomi. Inahitaji kuwekwa mbele ya mnunuzi kabla hajatia sahihi.

Mpwa wangu hakuwekewa. Alichukua simu kwa mkopo, akaugua, akachelewesha marejesho ya siku chache, na jioni moja simu ikajifunga, kioo kikabaki na ujumbe wa kudai deni tu, kwani ilikuwa na programu inayomwezesha muuzaji kuifunga akiwa mbali. Namba za wateja wake, ambao ndio waliokuwa wakimpa fedha za kuilipia simu hiyo hiyo, zilikuwa humo ndani. Alikopa kwa mtu mwingine ili afunguliwe, deni moja likawa mawili. Nilimkuta ameishika mkononi, anakibonyeza kioo tena na tena, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Wapo pia wanaouza simu ya zamani ili kuongezea fedha ya mpya. Hao nawaomba kwanza wampelekee fundi aikague, maana mara nyingi kilichochoka ni betri, na betri hubadilishwa.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1968 inayomtaka mkopeshaji amwonyeshe mkopaji gharama ya mkopo na kiwango cha riba kwa mwaka. Nasi wanunuzi tunastahili kuonyeshwa bei ya taslimu na jumla ya marejesho yote, zikiwa zimeandikwa sambamba kwa herufi za ukubwa mmoja, na kuelezwa masharti ya kufungiwa kifaa kwa lugha tunayoielewa kabla hatujatoa kianzio. Nawaomba wanaotunga sheria za mikopo walifanye hilo kuwa sharti la kuuza.

Wako,
Msomaji