YAH: MALALAMIKO KUHUSU INJINI YA LORI LANGU MLIYOIHARIBU NA KAULI YA FUNDI WENU MKUU

Kirumba, Mwanza.

Kwa Meneja wa Gereji,
Nyakato, Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekaa siku nne bila kuandika ili nisiandike matusi, kwa hiyo utakachosoma humu ni kile kilichobaki baada ya hasira kupungua. Dhamana yenu ya siku 30 mmeibandika wenyewe pale kaunta, siirudii.

Alhamisi saa nne asubuhi nilisimama mbele ya fundi wenu mkuu nikiwa na bolti mkononi. Ni bolti ya milimita 8, ile inayobana nozeli namba 3, yaani kipulizio cha dizeli cha silinda ya tatu. Meno yake yalikuwa yamejaa mabaki ya chuma na gundi ya kijivu. Chuma hicho ndicho nyuzi, yaani meno ya ndani ya tundu, kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) ya lori langu. Aliichukua kiganjani mwangu, hakuitazama, akaitupa kwenye ndoo ya oili chafu na kusema: "Mama, kamlete mzee nyumbani tuongee naye, haya mambo ya injini hutayaweza."

Kadi ya lori hilo ina jina langu. Dagaa ninaopakia soko la Mwaloni ni wangu, dereva namlipa mimi, na pesa mliyoihesabu pale dirishani, tena mara mbili, ilitoka kwenye mkoba wangu. Siku hiyo ya kulipa hakuna aliyemuulizia mzee.

Lori nililileta kwenu likimisi (injini ikikatakata) asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Likishapata moto linatulia. Mkasema nozeli zote nne zimekufa. Hakuna aliyelegeza nati za paipu za dizeli moja moja akasikiliza silinda ipi imelala, na hakuna aliyezipeleka nozeli kwenye mashine ya kupimia. Mkafunga mpya kwa bunduki ya upepo (dereva wangu alikuwepo, aliisikia ikilia), mkanitoza shilingi 1,240,000 pamoja na ufundi. Bolti ndogo namna ile inakazwa kwa mkono, kwa spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, na hilo hata kijana wa wiki ya kwanza gereji anafundishwa. Mlipoona uzi umekufa mngeniambia tu. Uzi kufa si ajabu, ni chuma. Nyie mkajaza gundi ya chuma kwenye tundu, mkarudisha bolti, mkaosha injini ikang'aa.

Nozeli zangu za zamani nilipozidai nilipewa tatu. Ya nne sijui imefungwa kwenye gari la nani.

Lilipotoka kwenu likawa linamisi asubuhi na mchana, moshi mweupe unafuka nyuma, na sauti ya chaf-chaf inatoka juu ya injini. Nikapiga simu. Nikaambiwa nozeli mpya bado hazijazoeana na injini. Nikaamini! Nikapakia magunia 70 kwenda Kahama, na kabla hata ya kufika Usagara lori likaishiwa nguvu mlimani, mvua ikashuka, turubai likazidiwa. Magunia 23 yalilowa. Dagaa wakishalowa hawauziki tena kwa mlaji, unawapeleka kwa wafuga kuku kwa bei wanayotaka wao.

Aliyelitengeneza ni fundi wa Igogo anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana kaunta wala dhamana ukutani. Aliwasha injini, akalegeza nati ya kwanza, mngurumo ukabadilika. Ya pili, ukabadilika. Ya tatu, kimya, injini haikujali. Alipoishika bolti ikatoka kwa vidole. Nozeli ilikuwa inacheza mahali pake, mgandamizo wa silinda unavujia pembeni, washa ya shaba imeungua nyeusi. Akatoboa tundu, akapiga tapu kukata meno mapya, akaingiza koili ya uzi, akafunga bolti mpya na washa mpya. Shilingi 70,000. Akaniambia ningeendelea kuliendesha vile, kiti cha nozeli kingeliwa na moto na hedi nzima ingekuwa ya kutupa.

Narudi kwenye Alhamisi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilisalimia kwanza. Wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi, na utingo wangu, mtoto wa miaka 19, amesimama nyuma yangu. Fundi wenu aliichukua ile bolti kwa vidole viwili kama anaokota panya aliyekufa, akaitupa kwenye ndoo, akasema habari zake za mzee nyumbani. Kijana mmoja wa spana akacheka. Wa dirishani akainamisha macho, na huyo peke yake ndiye niliyemwona ana haya. Nikaomba nirudishiwe bolti yangu, hakuna aliyejibu. Nikakunja mkono wa gauni, nikauzamisha kwenye oili chafu hadi kiwiko, mbele ya watu wote wale, nikaitafuta hadi nikaipata. Nimeifunga kwenye kitambaa. Mkiitaka mtaiona, ila hamtaishika tena.

Nilipokuja siku ile nilitaka shilingi 70,000 za Igogo na nozeli yangu ya nne, basi. Sasa nataka 1,240,000 zote, kwa sababu zile tatu mlizonirudishia nimezipeleka kupimwa na mbili ni nzima kabisa. Nataka fidia ya magunia 23. Na nataka fundi wenu aniombe radhi palepale kwenye ndoo, wateja wakiwepo, siyo kwa simu.

Nawapa siku saba. Zikipita nakwenda Tume ya Ushindani. Halafu ile risiti mliyonipa imeandikwa kwa kalamu. TRA, watu wa kodi, nao nitawaonyesha, waje waulize mashine yenu ya EFD ya kutoa risiti iko wapi.

Nimesoma tena barua hii kabla ya kusaini. Siku saba ni nyingi, ziwe tano.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye lori.

Nakala: Mzee nyumbani (akipatikana).